Miezi Mitatu ya Mama Shavu

Kazini walimwita Mama Shavu, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya uzuri wa uso. Kila shuka lililopita mikononi mwake aliliinua pembe moja, akaligusisha shavuni, ndipo akaliingiza kwenye rola. Wenzake walipima kwa kiganja. Yeye alisema kiganja cha mtu wa kazi hii ni mwongo. Kimezoea moto, kimezoea maji, hakijui tena kutofautisha. Shavu halijawahi kufanya kazi yoyote, ndiyo maana linasema kweli.

Nyumba ya kufulia ilikuwa nyuma ya ghala la mbao, jengo refu la bati lenye madirisha ambayo kutu ilikwisha kuyafunga siku nyingi. Mashuka yaliletwa kwa gari kutoka nyumba tatu za wageni na hospitali moja. Yalifuliwa upande wa mlango, yakakamuliwa katikati, na mwisho yakafika kwenye rola, mtambo wa kupigia pasi uliokuwa mrefu kama kitanda cha watu wanne. Rola lilimeza shuka likiwa nyevunyevu upande huu, likalitema limenyooka upande wa pili. Shuka likiwa na maji mengi, linanata. Likiwa limekauka, mikunjo inabaki humo humo hata ulipitishe mara tano, na hapo huna la kufanya ila kulichovya tena kwenye ndoo na kuanza upya. Kati ya maji mengi na ukavu kuna muda mfupi sana ambao shuka linakubali. Hakuna aliyeujua muda huo kama Mama Shavu.

Kwa hiyo msimamizi wa zamani alipoacha kazi ghafla, bosi hakutafuta mbali. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye rola, jambo la nadra, kwa maana joto la pale lilikuwa likimlowesha shati kabla hajamaliza salamu. Akampa Mama Shavu funguo za stoo ya sabuni na daftari la mizigo.

"Mama, shika kazi hii. Simamia watu, simamia mizigo, na rola uendelee nalo. Miezi mitatu ikiisha nakuongezea mshahara. Nimesema."

Upande wa pili wa rola alikuwepo mkunjaji, mwanamke mfupi aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliyasikia maneno hayo neno kwa neno. Kisha bosi akajipangusa shingo, akaondoka zake.

Siku hiyohiyo, saa ya chakula cha mchana, Mama Shavu alitoka nje akasimama penye kivuli cha ukuta, akampigia simu mama yake.

Mama yake alikuwa akiishi kwa mdogo wa kiume wa Mama Shavu, upande mwingine wa mji. Alilala kwenye kochi la sebuleni. Kwa kuwa sebuleni ndiko kulikokuwa na televisheni, hakuweza kulala mpaka wenye nyumba wamemaliza kutazama, na kwa kuwa mkwewe alitaka sebule ipigwe deki asubuhi mapema kabla watoto hawajaamka, alikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Mama Shavu aliyaona hayo yote kila alipokwenda kumsalimu. Aliona mto ukiwa umefichwa nyuma ya kochi kama kitu cha aibu. Aliona mama akiuliza kabla ya kukaa.

"Mama, nimepandishwa kazini," alimwambia. "Chumba cha jirani na changu kiko wazi. Miezi mitatu tu, nakuja kukuchukua."

"Mwanangu, usijitese."

"Sijitesi. Bosi amesema mwenyewe."

Mama akauliza chumba kina dirisha upande gani.

Jioni yake alizungumza na mwenye nyumba, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Mama Shavu alipanga chumba kimoja kwake, yeye na binti yake aliyekuwa sekondari. Mwenye nyumba alikubali kumshikia kile cha jirani, ila akamwonya: "Nitakuwekea kwa sababu hunisumbui. Lakini chumba si shuka, mama. Hakikunjwi kikawekwa kabatini."

Mama yake naye, kumbe, siku ileile alifunga begi. Aliliweka pembeni mwa mlango wa sebule, tayari. Wifi yake Mama Shavu akapata la kuchekea. "Mama mkwe, hilo begi litaota mizizi hapo mlangoni," alikuwa akisema, na wageni wakacheka, na bibi kizee naye akacheka ili asionekane amekasirika.

Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama Shavu aliingia kazini kabla ya wote na kutoka baada ya wote. Sabuni haikuibwa tena. Mizigo ya hospitali haikuchanganyika tena na ya wageni. Miezi mitatu ilipotimia, mshahara ulikuja vilevile kama ulivyokuwa, wala bosi hakusema neno.

Hapa ndipo Mama Shavu alipokosea, na kosa lenyewe lilitoka katika ujuzi wake. Alisema moyoni: mtu naye ana wakati wake. Ukimwingilia vibaya atanata. Ukichelewa atakauka. Basi akaanza kumpima bosi kama alivyopima shuka. Alijua gari likiegeshwa limenyooka, siku ni njema. Likiachwa limekaa upande, afadhali usipite mbele ya ofisi. Alijua bosi akishuka na simu sikioni anasikiliza tu bila kujibu, kuna mtu anamdai. Alijua hata mlio wa viatu vyake. Hakuna mtu aliyemjua bosi yule kama Mama Shavu, labda mke wake, na hilo nalo halina hakika.

Mwisho wa mwezi wa tatu gari lilikaa upande, kwa sababu hospitali ilirudisha mzigo wenye madoa. Akasema, siyo leo. Mwezi wa nne bosi alikuja anapiga mluzi. Alinunua soda, kila mtu chupa moja, akasimama nao chini ya bati akataniana na Kasuku. Mama Shavu alikunywa soda yake, akacheka panapochekwa, na maneno yakamfika kwenye ulimi kabisa. Kisha akafikiri: mtu amefurahi siku moja, mimi ndiye nikamharibie? Kesho. Kesho yake bosi alisafiri. Aliporudi, nyuma yake likaja lori na mashine mpya ya kukamulia.

Mwezi wa tano kulikuwa na msiba kwa jirani yake bosi. Mwezi wa sita akajikaza. Alimngoja penye gari, jioni, mikono ameificha ndani ya aproni.

"Bosi, samahani. Lile jambo la nyongeza."

Bosi alikuwa ameshafungua mlango. Alimtazama kwa upole kabisa. "Nimekusikia, mama. Lipo kichwani."

Akaingia, akaondoka. Mama Shavu alirudi nyumbani kama mtu aliyetuliwa mzigo. Amenisikia, alijiambia. Lipo kichwani. Alilala vizuri usiku ule, na kesho yake alimsimulia Kasuku kama mtu aliyeletewa habari njema.

Kasuku aliacha kukunja. "Dada, kwani hujui huyu bwana tunamwitaje wakati hayupo?"

"Mnamwitaje?"

"Bwana Nimekusikia. Aliyekuwa na funguo kabla yako, unadhani aliacha kazi kwa nini? Alisikiwa miaka miwili."

Mama Shavu hakuwahi kuliuliza hilo. Funguo zilikuja mkononi zikiwa bado na joto la mwenzake, naye akafurahi tu.

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza acha kumvizia kwenye gari kama mtu anayeomba lifti. Nenda ofisini, mchana kweupe, yeye amekaa. Pili, barua. Andika siku aliyosema, na alivyosema, na mimi nitaweka jina langu chini, maana nilisikia kwa masikio haya mawili. Tatu, usimwulize kama ataongeza. Atasema ndiyo, na ndiyo yake haina bei. Mwulize lini. Akishasema tarehe, mwambie aiandike."

"Akinifukuza?"

"Nani atasimamia rola lake? Mimi? Nikisimama pale nitaongea mpaka mashuka yaungue."

Barua iliandikwa na binti, juu ya kitanda, kwa kuwa meza hawakuwa nayo. Mama Shavu aliishia darasa la saba na mwandiko wake aliuonea haya. Alisema, binti akaandika.

"Mama, hapa niandike 'naomba' au 'nakumbusha'?"

"Andika naomba."

"Lakini alishakuahidi. Huombi tena, unakumbusha."

Mama Shavu alifikiri sana. "Andika naomba kukumbusha."

Kasuku alitia sahihi yake chini, kubwa kuliko ya mwenye barua. Na barua ikaingia mfuko wa aproni, na humo ikakaa. Wiki ya kwanza gari lilikuwa limekaa upande. Wiki ya pili bosi aliumwa jino. Wiki ya tatu Mama Shavu aliitoa barua akaona mvuke umeilegeza, imekunjamana kama uso wa mtu aliyelia. Akaifunika kwa kitambaa akaipiga pasi. Ilinyooka vizuri sana. Akairudisha mfukoni.

"Ni barua nadhifu kuliko zote duniani," alisema Kasuku. "Bado msomaji tu."

Nyumbani mwenye nyumba alimsimamisha uani. Kuna fundi viatu amekiulizia chumba, alisema, na ana fedha mkononi. Mama Shavu aliomba wiki mbili. Mwenye nyumba alirekebisha uzi wa miwani yake, akasema wiki mbili na siyo siku zaidi, maana paa la nyumba halingoji mabosi wa watu.

Mwezi wa nane ulikuwa umeingia simu ilipolia kazini. Mama Shavu alikuwa kwenye rola, shuka mkono mmoja. Ilikuwa nadra mama yake kupiga. Aliogopa kumaliza salio.

"Mwanangu, nikuulize kitu. Usikasirike."

"Uliza, mama."

"Baridi imeanza. Sweta langu liko chini kabisa ya begi. Nikilitoa sweta itabidi nitoe kila kitu. Sasa nitoe, au nisubiri?"

Mashine mpya ya kukamulia ilikuwa ikinguruma nyuma yake. Kasuku alikuwa akimngoja upande wa pili. Mama Shavu alijibu haraka, kwa sauti ya upole, bila kufikiri.

"Nimekusikia, mama. Lipo kichwani."

Kisha sauti ndogo ikasema, "Haya, mwanangu," na simu ikakatwa.

Mama Shavu alibaki amesimama. Maneno yale alikuwa nayo mdomoni kama ladha ya dawa. Hakujua yaliingia lini humo. Aliona mkono wa mama yake ukiliachia begi. Alimwona akirudi kukaa kwenye kochi, pembeni, kama mtu aliyeulizia kisicho chake.

"Dada," alisema Kasuku. "Hilo limeshakauka."

Ilikuwa kweli. Shuka lilikuwa kavu mkononi mwake, na mikunjo yote imeganda. Alilidumbukiza kwenye ndoo, akazima rola, akatoka na aproni yake mbichi. Hata hakuangalia gari limeegeshwaje.

Ofisi ilikuwa na feni moja iliyogeuza kichwa taratibu kama mtu anayekataa. Bosi aliipokea barua, akaipapasa. "Barua imenyooka hii," alisema, akatabasamu. Akaisoma. Alipofika kwenye sahihi ya Kasuku, tabasamu likapungua.

"Nimekusikia, ma..."

"Najua umenisikia, bosi. Nauliza lini."

"Unajua hali ya kazi yenyewe..."

"Lini, bosi."

Alizitoa funguo za stoo na daftari la mizigo, akaviweka mezani, pole pole, visije vikaonekana vimetupwa.

"Siachi kazi. Rola ni kazi yangu, nitaendelea nalo kwa mshahara wangu uleule. Hizi funguo ndizo zilizokuwa za miezi mitatu. Sasa ni wa nane."

Nje gari la hospitali lilikuwa linarudi nyuma kupakia, na dereva alikuwa ameanza kuulizia daftari. Bosi alisikiliza kelele zile. Alizitazama funguo. Aliposema, hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeulizia habari za safari.

"Mbona hukuja mwezi wa nne?"

Bosi alichukua kalamu.

"Mwezi wa nne nilikuwa na hela. Hata niliwaza juu yako. Nikakuangalia, uko na soda yako, unacheka na wenzako. Nikasema, mama huyu ameridhika. Nikanunua mashine."

Maneno hayo aliyasema akiwa ameshachukua kalamu, na yalimwingia Mama Shavu polepole, kama maji yanavyoingia kiatuni. Alikumbuka soda ile. Alikumbuka hata ilikuwa ya rangi gani.

Bosi alisema ataweza nusu ya nyongeza, kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Nusu ya pili tutaona.

"Andika," alisema Mama Shavu. "Na hiyo ya kuona, iandikie siku."

Bosi alivuta pumzi. Akaandika. Nusu ya pili aliipa tarehe ya mbali sana, baada ya mkataba wa hospitali kufanywa upya, lakini aliandika siku na mwezi, akatia sahihi, akapiga mhuri. Mama Shavu alisoma mara mbili huku kidole kikifuata mistari, kisha akazichukua tena funguo.

Mama Shavu alimsimulia Kasuku yote, naye akaisoma karatasi kwa sauti. "Nusu."

"Nusu iliyoandikwa."

"Ungemwendea mwezi ule wa..." alianza Kasuku, kisha akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akiiacha sentensi njiani.

Jioni hiyo Mama Shavu alitembea haraka, karatasi ikiwa ndani ya kifua cha gauni. Alimkuta mwenye nyumba uani, na mlango wa chumba cha jirani ulikuwa wazi. Ndani mtu alikuwa akipigilia misumari. Harufu ya gundi ya viatu ilikuwa imeshajaa ukumbini.

"Wiki mbili zako ziliisha jana," alisema mwenye nyumba. Hakumtazama usoni. "Nilikungoja asubuhi, ukapita mbio na salamu tu."

"Nilikuwa nakuja na hii." Mama Shavu aliitoa karatasi.

Mwenye nyumba aliisogeza karibu na miwani, akausoma mhuri. "Ya mwezi ujao," alisema, akamrudishia.

Binti aliuliza kama sasa bibi haji. Mama Shavu alikaa kitandani akakitazama chumba chao: kitanda kimoja, jiko kwenye kona, sanduku la nguo, kamba ya sare za shule. Alipima kwa macho nafasi kati ya kitanda na mlango. Godoro dogo lingeenea, ikiwa mlango hautafunguliwa mpaka mwisho.

Jumapili alikwenda kwa mdogo wake. Alipoingia sebuleni, kitu cha kwanza alichotafuta ni begi, na begi halikuwepo mlangoni. Paliachwa alama sakafuni, mraba mweusi wa unyevu.

"Begi?" alisema wifi yake. "Nilimwazima dada yangu, ana safari. Si lilikuwa limekaa tu, wifi."

Mama yake alikuwa pembeni mwa kochi, amevaa sweta. Nguo zake zilikuwa ndani ya boksi la kadibodi chini ya meza ya televisheni. Walisalimiana. Mama aliulizia mjukuu, akaulizia kazi, ndipo akauliza.

"Chumba kimepatikana?"

"Kimechukuliwa na mtu, mama."

"Na nyongeza?"

"Nusu. Mwezi ujao."

Mama alitikisa kichwa kama mtu anayempa pole mwenzake. "Basi nitasubiri."

"Hapana. Utalala kitandani na mjukuu wako. Mimi nitalala chini."

Zamani mama angesema sawa mwanangu, akafurahi. Sasa alitazama kwanza mlango, pale begi lilipokuwa.

"Lini?"

"Leo."

Mdogo wake aliondoa macho kwenye televisheni. "Dada, si ungengoja hiyo nusu iingie kwanza? Mtabanana."

Mama hakuinuka upesi. Alilaza kiganja kwenye kochi, akalipapasa kidogo, kama mtu anayehakikisha hajaacha kitu. Mama Shavu alipiga magoti sakafuni, akatandaza shuka kuukuu alilopewa kazini, akaanza kutoa nguo kwenye boksi. Kwa mazoea, kila gauni aliliinua pembe akaligusisha shavuni kabla ya kulikunja. Zote zilikuwa mbichi. Miezi minane zilifungwa ndani ya begi, na kila asubuhi mama mwenyewe alipiga deki kulizunguka.

Harufu yake alikuwa anaijua. Ni harufu ya shuka lililosahauliwa kikapuni, na haitoki kwa kufua mara moja.

"Zimekauka?" mama aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Zimekauka, mama," alisema, akazidi kukunja.